Nani aone nini: kupanga maudhui yenye masharti kwenye tovuti ya chama

Swali: *Mimi ni katibu wa chama cha wanataaluma, na tovuti yetu nimeachiwa mimi. Tunatumia WordPress, programu ya kuendesha tovuti. Tuna wanachama wa kawaida, wanafunzi, wastaafu na taasisi. Kila aliyenitangulia aliongeza masharti yake: kipande hiki kionekane kwa waliolipa tu, kile kwa wanafunzi, kingine kwa wageni. Sasa ukurasa wa mkutano mkuu peke yake una vipande 11 vya namna hiyo, na hakuna ajuaye nani anaona nini. Mwanachama aliyelipa juzi bado anaambiwa "Jiunge nasi". Na mtu asiye mwanachama amenitumia kumbukumbu za mkutano, akasema amezipata kwa kutafuta tu mtandaoni. Je, nitengeneze ukurasa tofauti kwa kila aina ya mwanachama, ninunue programu-jalizi nyingine (programu ndogo ya kuongezea WordPress kazi), au nianze upya?*

Ndugu katibu,

Usinunue kitu kwanza, wala usiibomoe tovuti. Uliyoeleza ni mambo mawili. Moja ni la usalama: waraka wa ndani umefika kwa asiyehusika. Jingine ni la mpangilio: masharti yametawanyika hadi hayasomeki tena. Naanza na la kwanza kwa sababu halifai kungoja kikao.

Faili unayopakia kwenye WordPress kupitia maktaba ya midia hukaa ndani ya folda ya wp-content/uploads, na kwa kawaida folda hiyo iko wazi kwa yeyote. Mtu akifungua anwani ya faili moja kwa moja, seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti na kuituma kwa wasomaji, humpa bila kuiuliza WordPress lolote. Kwa hiyo sharti lililowekwa kwenye ukurasa lilificha kiungo, faili ikabaki pale pale. Kiungo hicho kikitoka nje mara moja tu, pengine ndani ya barua pepe iliyosambazwa au kwenye ukurasa mwingine ambao hakuna aliyekumbuka kuuwekea sharti, injini za utafutaji zinaweza kuifikia PDF hiyo na kuiorodhesha. Jaribu leo: fungua dirisha la faragha la kivinjari, usiingie kwenye akaunti yoyote, kisha bandika anwani ya faili ya kumbukumbu. Ikifunguka, umeshajua zilipitia wapi.

Dawa yake ni kuzihamisha nyaraka za ndani hadi folda isiyofikiwa na umma, na kila ombi la faili lipitie kwanza kwenye programu inayokagua haki ya mwombaji. Nginx na Apache ni programu zinazoendesha seva za wavuti. Nginx ina njia iitwayo X-Accel-Redirect kwa kazi hii hasa, na Apache ina moduli ya X-Sendfile: programu hukagua, kisha seva ndiyo hutuma faili, hivyo tovuti haielemewi. Ukitumia hifadhi ya wingu, toa viungo vilivyotiwa saini ambavyo muda wake huisha baada ya dakika chache. Baadhi ya programu-jalizi za uanachama zina kinga ya faili, lakini huenda haijawashwa, na zipo zinazotegemea .htaccess, faili ya maagizo ya Apache, ambayo Nginx haiisomi kabisa. Mwulize anayewahifadhia tovuti ni seva ipi anatumia kabla hujaamini kwamba kinga ipo.

Usiitegemee robots.txt, faili inayoziomba injini za utafutaji zisipitie sehemu fulani za tovuti. Utaratibu huo ulianza mwaka 1994, na ulipopewa kiwango rasmi mwaka 2022 kwa jina la RFC 9309, waraka wenyewe ulitamka wazi kwamba kanuni zake si njia ya kuidhinisha nani aingie. Tena ukiandika humo jina la folda ya siri, umewaelekeza watu pa kutafuta. Kwa faili ambayo Google imekwisha kuiorodhesha, ombi la kuondoa kupitia Search Console, zana ya Google kwa wenye tovuti, huificha kwa takriban miezi 6 tu. Ndani ya muda huo faili yenyewe iwe imeondoka au imefungwa, vinginevyo itarudi.

Ukishamaliza faili, kagua vipande vyenyewe. Zipo mbinu mbili za kuficha, na machoni zinafanana kabisa. Ya kwanza seva huamua kabla ya kutuma ukurasa, na asiye na haki hapelekewi maneno hayo kamwe. Ya pili ukurasa wote hutumwa kwa kila mtu, kisha CSS au JavaScript, yaani maagizo ya mwonekano na programu zinazotumwa pamoja na ukurasa, huficha sehemu fulani kwenye kivinjari. Mbinu hii ya pili hailindi chochote. Yeyote anayejua kufungua msimbo wa ukurasa atasoma yote. Inafaa kwa salamu na vitufe, kwa mfano kumwondolea mwanachama kitufe cha "Jiunge" kisichomhusu. Haifai kwa kumbukumbu, orodha ya wanachama, matokeo ya kura wala kitu chochote ambacho kikisomwa na mgeni kitawaumiza watu. Fungua ukurasa ule wa mkutano mkuu bila kuingia, tazama msimbo wake, utafute sentensi moja unayojua ni ya ndani. Ukiipata, kipande hicho hakina ulinzi.

Kuna pia milango ya pembeni inayosahaulika. Mlisho wa RSS, unaopeleka makala mpya kwa wanaozifuatilia, unaweza kubeba makala nzima. Kisanduku cha kutafuta ndani ya tovuti kinaweza kuonyesha dondoo la ukurasa uliofungwa. REST API, njia ambayo programu nyingine huiomba WordPress data, na ambayo tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 inatoa machapisho yake kwa yeyote anayeuliza, haipitii kwenye kiolezo cha ukurasa (faili inayopanga mwonekano wake), kwa hiyo kinga iliyoandikwa kwenye kiolezo peke yake haiijui. Pia kuna muhtasari unaojitokeza kiungo kinapotumwa kwenye makundi ya ujumbe. Pitia vyote hivi. Si jambo la pembezoni: OWASP, taasisi inayoorodhesha hatari kuu za programu za wavuti, iliuweka udhaifu wa kudhibiti nani anafikia nini katika nafasi ya 5 mwaka 2017, na mwaka 2021 ikaupandisha hadi ya kwanza.

Sasa mwanachama wako aliyelipa na bado anaambiwa "Jiunge nasi". Hili naliona zito kuliko linavyoonekana, kwa sababu mtu ametoa ada yake na chama kinamjibu kana kwamba hakimjui. Sababu huwa moja kati ya mbili, na mara nyingine zote mbili kwa pamoja.

Huenda malipo yamefika kwenye rejista ya wanachama lakini tovuti haijaambiwa. Mifumo mingi hupeleka taarifa hiyo kwa kazi ya ratiba, na ratiba ya WordPress, WP-Cron, haijiendeshi yenyewe: husubiri mtu atembelee tovuti ndipo iangalie kama kuna kazi iliyofika wakati wake. Kwenye tovuti isiyo na wageni wengi, au yenye akiba (nakala za kurasa zilizohifadhiwa) inayojibu badala ya WordPress, kazi ya saa mbili usiku inaweza kufanyika asubuhi. Mwambie fundi aizime na badala yake aitumie ratiba ya seva. Bora zaidi ni malipo yenyewe kubadilisha hali ya uanachama papo hapo.

Au huenda tatizo ni akiba. Ili tovuti iwe nyepesi, nakala ya ukurasa huhifadhiwa na kugawiwa kwa watakaofuata. Ikiwa nakala iliyohifadhiwa ni ile aliyotengenezewa mgeni, mwanachama ataona ukurasa wa mgeni. Kinyume chake ndicho kinachonitia hofu: nakala ya mwanachama, yenye jina lake na mambo ya ndani, ikamwangukia mgeni. Kurasa zinazobadilika kulingana na msomaji zinapaswa kutumwa na agizo la Cache-Control lenye neno private, yaani nakala isigawiwe kwa watu wengine, na zile nyeti kabisa no-store, yaani isihifadhiwe popote. Akiba nyingi za WordPress humruka mtu mwenye kidakuzi cha kuingia (alama ambayo tovuti huiacha kwenye kivinjari chake), lakini hilo halisaidii kama sharti lenu linategemea kitu kingine, mathalani kiungo maalumu kilichotumwa kwa wanachama kwa barua pepe. Kama kuna mtandao wa usambazaji (CDN, seva za kampuni nyingine zinazogawa nakala za tovuti yenu) mbele ya seva yenu, nao una akiba yake na kanuni zake, kwa hiyo ukaguliwe peke yake.

Tuje kwenye mpangilio, na hapa ndipo nataka ukae zaidi.

Kosa lililoleta vurugu hii ni kwamba kila kipande kinauliza habari za mtu: je, ni mwanafunzi? je, ameingia? je, ni mstaafu? Kinachotakiwa ni kila kipande kiulize haki: je, huyu anaruhusiwa kusoma kumbukumbu? Kwenye ukurasa ukiandika "wanachama wa kawaida na wastaafu", umeinakili kanuni ya chama ndani ya ukurasa, na kesho utainakili kwenye ukurasa mwingine. Mkutano ukiamua wanafunzi nao wasome kumbukumbu, utalazimika kuvikumbuka vipande vyote. Ukiwa umeandika "mwenye haki ya kusoma kumbukumbu", unabadilisha mahali pamoja, na kurasa zote hufuata. Wazo hili la kuweka majukumu na haki kati ya mtu na kitu anachofikia liliandikwa kwa utaratibu kamili na watafiti David Ferraiolo na Richard Kuhn mwaka 1992, na WordPress yenyewe imejengwa hivyo: kuna majukumu, na chini yake kuna uwezo mmoja mmoja. Unaweza kuongeza uwezo wenu wenyewe na kuupa majina ya wazi.

Hesabu kidogo itakuonyesha kwa nini mmepotea. Mna aina nne za wanachama. Kila mmoja anaweza kuwa anasubiri kuidhinishwa, yu hai, yuko kwenye muda wa nyongeza baada ya ada kwisha, au amekwisha muda. Hizo ni hali 16, na mgeni wa 17. Vipande 11 vyenye masharti yake kila kimoja vinataka majibu 187 kwenye ukurasa mmoja. Hakuna katibu anayeweza kuyakumbuka hayo. Lakini chama kama chenu hakina haki nyingi hivyo: kusoma nyaraka za ndani, kupiga kura, kupata bei ya mwanachama, kuona orodha ya wanachama, labda kuomba uongozi. Chora jedwali: haki kwenye mistari, hali za uanachama kwenye safu, na ndani yake ndiyo au hapana. Linatosha kwenye karatasi moja, na kamati kuu inaweza kulisoma na kulipitisha.

Lipeleke kwa kamati kweli, usilijaze peke yako. Maswali utakayoyakuta ni ya katiba ya chama, si ya kompyuta. Mwanachama ambaye ada yake imekwisha wiki iliyopita anaendelea kusoma lakini hapigi kura? Mwombaji ambaye hajaidhinishwa anapata bei ya nani? CiviCRM, programu huria inayotumiwa na vyama vingi, huja na hali zilizotengwa tangu mwanzo: mpya, hai, muda wa nyongeza, aliyekwisha muda, anayesubiri, aliyeghairi na marehemu. Kwa kawaida muda wa nyongeza umewekwa mwezi mmoja, ila chama kinaweza kuubadilisha. Hali ya marehemu isikupite. Barua ya "Uanachama wako umekwisha, lipa sasa" ikifika kwa familia iliyofiwa, chama kimewajeruhi watu kwa uzembe wa rejista.

Tarehe ya mwisho nayo iandikwe kwa usahihi. Je, anayeishia tarehe 31 ana haki siku nzima ya tarehe 31, au anazipoteza siku hiyo inapoanza? Mimi husema siku nzima, na kwa saa za chama, siyo za seva. Seva nyingi huhesabu kwa UTC, saa ya kimataifa ya rejea, na mwanachama aliye mbali na saa hizo anaweza kufungiwa saa kadhaa kabla ya wakati, pengine siku ya kupiga kura.

Taasisi zinahitaji uangalifu wake. Mtu hapo hana haki kwa nafsi yake. Anaipata kwa kuwa mfanyakazi wa taasisi iliyolipa. Akiondoka kazini, haki hiyo lazima ikatike, na atakayejua ameondoka ni taasisi, si wewe. Mpe mtu mmoja wa kila taasisi uwezo wa kuongeza na kuondoa majina ya watu wake, na kila ada inapolipwa mwombe aithibitishe orodha.

Kuhusu aliyeingia kwenye akaunti: hilo si sharti la uanachama. Ni kosa ninalolikuta kila mara. Mtu aliyeacha kulipa miaka mitatu iliyopita bado ana akaunti na nenosiri. Kuingia kunathibitisha yeye ni nani, basi. Vipande vyote vilivyoandikwa "onyesha kwa walioingia" vipitie upya, na naamini ndipo utakapowakuta waliokwisha muda wakisoma mambo ya ndani.

Vilevile futa masharti ya kukanusha. "Ficha kwa wanafunzi" maana yake kila asiye mwanafunzi anaona, pamoja na aina ya mwanachama mtakayoianzisha mwaka ujao bila kukumbuka kipande hiki. Andika "onyesha kwa mwenye haki fulani", na kisichotajwa kibaki kimefungwa. Wanasayansi wa kompyuta Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliweka kanuni hiyo mwaka 1975: msingi uwe kukataa, na ruhusa itolewe kwa kutajwa. Sioni sababu ya chama kuiacha.

Ukurasa tofauti kwa kila aina ya mwanachama? Hapana. Utakuwa na nakala nne za tangazo moja, na baada ya miezi michache tarehe zitatofautiana. Isitoshe, wanachama hutumiana viungo, na mwanafunzi akipewa kiungo cha mstaafu atagonga ukuta. Badala yake, weka sharti mahali pa juu kadiri iwezekanavyo. Kama nyaraka zote za sehemu moja ni za ndani, funga sehemu nzima. Kama ni ukurasa, funga ukurasa. Kipande ndani ya ukurasa kiwe kwa mambo madogo: salamu, kitufe, bei. Sharti katikati ya sentensi usiliruhusu, na sharti ndani ya sharti lisiwepo kabisa. Ukurasa wako wa mkutano mkuu ungeweza kuwa na sehemu ya wazi yenye tarehe, mahali na ajenda, kipande cha usajili chenye bei inayofaa, na kiungo cha kwenda kwenye nyaraka zilizofungwa. Bei hiyo ikaguliwe tena wakati wa kulipa, maana anayepata anwani ya fomu ya mwanachama anaweza kuijaza bila kupitia kwenye kipande chako.

Kisha jiulize kwa nini vitu vingi hivyo vimefungwa. Vyama huficha katiba yao, tarehe za mikutano, hata majina ya viongozi, halafu vinashangaa kwamba wageni hawajiungi. Kila sharti liwe na mwenye kulitetea. Likikosa wa kulitetea, lifute, kitu kiwe wazi.

Yule asiyeruhusiwa asikute nafasi tupu. Mgeni apewe muhtasari wa kilichomo na njia ya kujiunga. Aliyekwisha muda aambiwe uanachama wake uliisha tarehe gani, na awekewe mahali pa kulipa palepale. Asiambiwe ajiunge kana kwamba ni mgeni. Mwanachama wa aina nyingine aelezwe kwa adabu kwamba haki hii haimo katika uanachama wake. Akiingia au akilipa, arudishwe kwenye ukurasa aliokuwa akiutaka, siyo mwanzo wa tovuti. Kwa mambo machache ambayo hata kuwepo kwake ni siri, kama shauri la nidhamu, seva ijibu 404, kama kwamba ukurasa haupo, badala ya 403 inayokiri kuwa upo na umefungwa.

Kumbuka pia kwamba uanachama wenyewe unaweza kuwa siri ya mtu. Sheria ya data ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika mwaka 2018, inahesabu uanachama wa chama cha wafanyakazi kuwa data nyeti, pamoja na habari za afya, dini na msimamo wa kisiasa. Orodha ya wanachama ianze ikiwa imefungwa kwa kila jina, na mwenye jina ndiye achague kuonekana.

Jaribio lolote usilifanye ukiwa msimamizi, kwa sababu msimamizi huona yote. Tengeneza akaunti za majaribio, moja kwa kila hali kwenye jedwali lenu, na usiisahau ya aliyekwisha muda. Ziwekee alama kwenye rejista ili zisihesabiwe kwenye daftari la wapiga kura. Chukua akaunti iliyo hai, irudishe tarehe yake ya mwisho nyuma hadi siku mbili zilizopita, uone kinachobadilika. Rudia kila mnaposasisha programu-jalizi.

Na programu-jalizi? Nadhani tayari mna zaidi ya moja inayoamua juu ya ukurasa uleule, na hilo peke yake linatosha kuleta majibu yanayopingana. Baki na moja, ile inayoweza kusoma hali ya mtu kutoka kwenye rejista yenu na kukagua haki kwenye seva. Kuanza upya ningekushauri tu ikiwa rejista na tovuti haziwezi kuongea kabisa, na kila malipo yanaingizwa kwa mkono mara mbili.

Wiki hii hamisha nyaraka na upeleke ombi la kuondoa kwa Google. Waarifu viongozi kwamba kumbukumbu zilisomwa nje, na kama zilitaja mambo ya watu binafsi, watu hao nao wajulishwe. Jedwali la haki liingie kwenye ajenda ya kikao kijacho cha kamati. Likishapitishwa, anza na ukurasa wa mkutano mkuu, kipande kimoja kimoja, na kila kipande ukiandikie pembeni kinauliza haki ipi na nani aliiidhinisha.